Mlango wa Ofisi ya Zamani

Mkubwa wa serikali aachapo kazi hurudisha funguo, lakini siri za ofisi na urafiki wa wenzake huondoka naye. Kwa hiyo Marekani ilitunga sheria mwaka 1978: asirudi katika ofisi yake kuwatetea wengine kabla ya mwaka kupita.

Lyn Nofziger, msaidizi wa Rais Reagan, aliacha kazi Januari 1982. Mwaka ule ule aliiandikia Ikulu barua, akiiombea kampuni kazi ya jeshi. Mwaka 1988 alitiwa hatiani. Mwaka 1989 mahakama ya rufani ikaitangua hukumu, maana sheria ilisema “kwa kujua”, isieleze wazi kujua nini.

Mwenye shamba hukagua matundu ya ua. Mtunga sheria na akague maneno yake.