Chikungunya Ilipata Mlango, Shaaban Robert Akaukosa

Mwaka 1952, kwenye uwanda wa juu wa Makonde huko Newala, kusini mwa Tanganyika, watu walianza kujikunja. Homa ilimjia mtu ghafla, asubuhi mzima, jioni hoi. Viungo vikamuuma hata akashindwa kusimama wima, akawa anatembea ameinama kama anayetafuta sindano iliyodondoka. Majirani hawakuhangaika kutafuta jina. Wakaiita kwa Kimakonde, kwa neno la kueleza kitu kilichopindika: chikungunya.

Daktari Marion Robinson na mwenzake Lumsden walipochapisha taarifa za ugonjwa huo mwaka 1955, waliziandika kwa Kiingereza, na jina wakaliacha kama walivyolikuta. Leo daktari wa Brazili au wa India akiandika chikungunya kwenye cheti cha mgonjwa, anaandika Kimakonde, ajue asijue.

Haikuwa mara ya kwanza. Miaka 20 hivi nyuma yake, Cicely Williams, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Ghana, ambayo wakati huo iliitwa Gold Coast, aliuliza kina mama wa kabila la Ga, wasemao Kiga, jina la maradhi yaliyomvimbisha mtoto miguu na kuzifanya nywele zake kuwa nyekundu. Wakamwambia kwashiorkor, maradhi ya mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuzaliwa mdogo wake. Waswahili tunayaita unyafuzi. Ndani ya jina la Kiga tayari mlikuwa na nusu ya uchunguzi: mtoto anaumwa kwa kuwa maziwa yamekatika na chakula kilichofuata ni wanga mtupu. Hospitali ya Mulago, Kampala, ikawa moja ya vituo vikubwa vya kuyachunguza maradhi hayo, na kitabu ambacho Hugh Trowell na wenzake wawili walikitoa mwaka 1954 kilibeba jalada lenye neno hilohilo la Kiga. Kisha mwaka 1959 homa nyingine ikazuka kaskazini mwa Uganda. Ikapata jina la Kiacholi, o'nyong'nyong, nalo likaingia vitabuni bila kipingamizi.

Inafaa kuyakumbuka maneno hayo matatu tunapoutazama mwaka 1962, kwa sababu mwaka ule Uganda, nchi ndogo iliyokuwa ikihesabu siku za kupata uhuru, ilikuwa na madaktari, waandishi na wanahisabati wakifanya kazi karibu karibu, na kila kundi lilikuwa na namna yake ya kuzichukulia lugha za watu waliolizunguka.

Makerere, chuo cha juu ya kilima jijini Kampala, kilianza kwa unyonge. Mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi yenye vijana 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Miaka miwili baadaye mafunzo ya udaktari yakaanza, na mwaka 1949 pakawa chuo kikuu kishiriki cha London. Hospitali ya Mulago iko kilima cha pili. Mwanafunzi akishuka Makerere anavuka Wandegeya, penye kelele na vibanda, anapanda tena, amefika wodini. Ni mwendo wa miguu.

Wodini humo, mwaka 1957, Trowell alimwita mwenzake, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aje kumtazama mvulana wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt, Mwairishi aliyepoteza jicho moja utotoni, hakuwahi kuona kitu kama kile. Hakikuwa jipu wala usaha. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, akachungulia dirishani na kumwona msichana mwenye uvimbe uleule. Kitu cha ajabu kikionekana mara mbili si cha ajabu tena. Akaanza kupekua mafaili ya Mulago, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza kuhusu saratani hiyo ya taya za watoto.

Alichofanya baadaye ndicho kinachostahili kukaliwa kitako. Alipata pauni 25, akachapisha vipeperushi vyenye picha za watoto walioumwa, akavituma kwenye hospitali za Afrika akiuliza swali moja: umewahi kuona hali hii? Majibu yakarudi, naye akawa anachomeka pini kwenye ramani ukutani. Pini zikajipanga kama mkanda katikati ya bara, na mkia ukashuka kuelekea Msumbiji. Lakini kwa nini mkanda? Kwa nini usiwe doa, au bara zima?

Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapakia mizigo kwenye Ford ya mwaka 1954 iliyonunuliwa kwa pauni 250. Wakasafiri wiki 10, maili 10,000 hivi, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipitia hospitali 57. Nyingi zilikuwa za misheni, na daktari mmoja alihudumia wilaya nzima. Kila walipofika walitoa picha, wakauliza. Waliulizwa madaktari na wauguzi waliokaa sehemu moja miaka mingi, watu ambao majina yao hayatokei kwenye majarida ya London.

Waliporudi walikuwa na mpaka. Karibu na ikweta uvimbe ule haukuonekana palipopanda zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri walivyoshuka kusini ndivyo kimo hicho kilivyopungua. Aliyelifumbua fumbo ni Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, taasisi ileile iliyotambua virusi vya Zika mwaka 1947 katika msitu wenye jina hilo. Haddow alieleza kwamba kimo si kitu, jambo ni joto. Penye baridi ya kupita kiasi uvimbe haupo. Penye joto na mvua ya kutosha upo. Na penye joto na mvua pana mbu. Hivyo saratani, ambayo madaktari walizoea kuitazama kwa hadubini, ikawa suala la ramani, vipimo vya mvua na mstari uliochorwa kwa digrii. Tiba na hisabati zilikutana kwenye kiti cha nyuma cha gari bovu.

Mwezi Machi mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alikuwa amehutubia hospitali moja ya London. Mtafiti mmoja, Anthony Epstein, akatoka pale akiwa na hakika kwamba kuna kirusi. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Vingi havikuzaa kitu. Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, sampuli ikachelewa, na ilipofika maji yake yalikuwa yameingia ukungu pia. Mwingine angeimwaga akidhani imeoza. Epstein akaitazama, akakuta ni seli hai zinazoelea. Kutokana na seli hizo, yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza mwaka 1964 kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Sasa tupande tena Makerere. Juni 1962, Burkitt akiwa bado anapanga majibu ya safari yake, waandishi wa Afrika walikusanyika juu ya kilima. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, Grace Ogot. Langston Hughes alivuka bahari kutoka Marekani. Kampala ilikuwa na mvuto: jarida la Transition, lililoanzishwa na Rajat Neogy mwaka 1961, lilikuwa likisomwa mbali na Uganda. Mwanafunzi mmoja wa Makerere kutoka Limuru, wakati huo akiitwa James Ngugi, alimpelekea Achebe mswada wake. Mwaka 1964 ukatoka kwa jina la Weep Not, Child.

Kongamano liliitwa la waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Hapo ndipo shida ilipokaa, katika jina. Mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache alikuwa na sifa za kuingia. Shaaban Robert, mwenye vitabu vya mashairi, insha na riwaya vilivyosomwa tangu Lamu hadi Kigoma, hakuwa nazo, kwa sababu aliandika Kiswahili. Ngũgĩ mwenyewe alilikumbusha jambo hilo miaka mingi baadaye, na hakulisema kwa kujisifu.

Kuna ukweli mwingine unaouma zaidi. Tangu mwaka 1952, kwa karibu miaka 10, Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake hapohapo Makerere, ikikusanya tenzi, ikisanifu maneno, ikitoa jarida. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba fasihi ya Kiswahili haikujulikana juu ya kilima kile. Ilijulikana, ilikuwa na ofisi. Ila ilihesabiwa kuwa kazi ya wataalamu wa lugha, na fasihi ikahesabiwa kuwa kitu kingine. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962.

Hebu zilinganishwe. Daktari wa kikoloni aliona sawa kuandika Kimakonde, Kiga na Kiacholi kwenye jarida la kitabibu, kwa sababu aliamini mwenye ugonjwa ndiye anayeujua. Wasomi wa fasihi, Waafrika wenyewe, ndio walioona lugha hizo hazitoshi ukumbini. Mnigeria Obi Wali hakusubiri sana. Mwaka 1963, katika Transition, aliandika kwamba njia hiyo ya Kiingereza haina pa kutokea, wakubwa wakamjia juu. Mwaka huohuo Julius Nyerere, mhitimu wa Makerere na wakati huo rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Kwa hoja ya kwamba Kiswahili hakiwezi, hilo lilikuwa jibu tosha, tena kutoka kwa mtu asiye na muda wa bure.

Wanahisabati nao walikutana Entebbe, kando ya ziwa, katikati ya mwaka uleule wa 1962. Mkutano uliofanyika Marekani mwaka 1961 ulikuwa umeamua kwamba nchi changa za Afrika zinahitaji vitabu vipya vya hisabati, na Ted Martin, mkuu wa idara ya hisabati ya MIT, akaongoza warsha. Walimu kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walikaa mezani wakaandika vitabu vya mwanafunzi na vya mwalimu, na kwa miaka kadhaa vikaitwa kwa ufupi hisabati ya Entebbe. Ilikuwa hisabati ya kisasa, ile iliyoenea Marekani baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957. Mtoto aanze na seti, achore duara mbili zinazopandana, atofautishe namba na alama ya namba.

Nia ilikuwa njema na kazi ilikuwa kubwa. Lakini walikuja na majibu tayari. Hisabati hiyo mpya ilipenda kumwonyesha mtoto kwamba kumi si msingi pekee wa kuhesabu, kwamba mtu anaweza kuhesabu kwa tano. Mtoto wa Kimakonde au wa Kiyao angeshangaa nini? Nyumbani kwao sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili. Pwani kote, wauza nafaka walikuwa wakigawanya pishi kwa vibaba vinne bila kukosea. Hata fungate, siku saba za bwana na bibi harusi, imebeba neno la kale la saba, lililokuwapo kabla ya Mwarabu kutupa lake.

Mwalimu mmoja aliyefundisha Liberia, John Gay, alilishtukia hilo. Pamoja na mwanasaikolojia Michael Cole walikwenda kwa wakulima wa Kikpelle, wakawawekea mchele kwenye chombo na kuwauliza ni vikombe vingapi. Wakulima wasiojua kusoma walikadiria vizuri kuliko Wamarekani wenye shule. Kitabu chao cha mwaka 1967 kilihoji iwapo mwalimu anaweza kufundisha hisabati bila kujua kwanza mwanafunzi anapima vipi nyumbani. Swali lilikuja baada ya vitabu kuchapwa. Nigeria iliiondoa hisabati ya kisasa shuleni mwaka 1977, na Kenya ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Katika makundi yale matatu, lililotumia fedha kidogo na gari kuukuu ndilo lililotoa matunda makubwa, na sababu si udaktari. Ni kwamba lilitoka kilimani likauliza.

Fasihi nayo ilikuja kuuliza, kwa kuchelewa. Okot p'Bitek, aliyekuwa na riwaya ya Kiacholi tangu 1953, alitoa Song of Lawino mwaka 1966, shairi lililotungwa kwanza kwa Kiacholi. Mwaka 1968 Ngũgĩ, Taban Lo Liyong na Owuor Anyumba walitaka idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, fasihi ya Afrika ikae katikati. Kamati ya Kiswahili ikahamia Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikawa chuo cha uchunguzi ndani ya chuo kikuu. Mulago nako, mwaka 1967, pakafunguliwa taasisi ya saratani kwa ajili ya watoto wenye uvimbe wa Burkitt, na imeendelea kutibu watu tangu hapo.

Safari ya Burkitt imeandikiwa vitabu. Kongamano la Makerere halikosi kutajwa darasani. Vitabu vya Entebbe ndivyo vinavyopotea. Waliosoma navyo sasa ni wazee. Msomaji mwenye nakala kwenye sanduku la babu, yenye duara za kalamu ya risasi na sahihi ya mwalimu pembeni, asiitupe. Aipeleke maktaba iliyo karibu naye.