Baba Karudi Kutoka Vitani

Wanaume wawili wanakagua michai, mmoja mwenye shamba na mwingine kibarua. Bwana Howlands alipigana Vita Kuu ya Kwanza, kisha akaja Kenya kuikimbia Ulaya na makovu yake. Ngotho naye alichukuliwa kwa nguvu katika vita hivyohivyo, akafyeka misitu na kutengeneza barabara ili majeshi ya Wazungu yapite, na aliporudi akakuta ardhi ya ukoo ina mwenyewe mwingine. Miaka ikapita, vikaja Vita vya Pili. Howlands akampoteza mwanawe Peter, Ngotho akampoteza mwanawe Mwangi. Bado wanazunguka pamoja kwenye michai ileile, kila mmoja akiamini moyoni kwamba shamba ni lake.

Ndivyo Ngũgĩ wa Thiong'o alivyoisuka Weep Not, Child, riwaya iliyotoka mwaka 1964. Wengi walioisoma shuleni wanaikumbuka kwa Mau Mau na kwa Njoroge, mwana mdogo wa Ngotho aliyetaka elimu kuliko kitu chochote. Lakini ukiisoma upya utaona kwamba chanzo cha msiba wa nyumba ile kiko nyuma zaidi, kwa mwanajeshi aliyerudi. Boro, kaka yake Njoroge, karudi kutoka vitani bila ndugu yake Mwangi, bila kazi na bila maneno mengi.

Vita vyenyewe havisimuliwi. Kuna jioni moja tu inayotosha: Ngotho anawasimulia watoto habari za Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu, jinsi ardhi ilivyotolewa, ilivyonyang'anywa, na utabiri kwamba siku moja itarudi. Njoroge anasikiliza kama mtoto anayesikia ngano. Boro hasikii ngano. Anasikia habari ya baba aliyetumwa vitani akanyang'anywa, na ya mwana aliyetumwa vitani akarudi mikono mitupu. Anamuuliza mzee anawezaje kuendelea kumfanyia kazi mtu aliyechukua shamba lake, kisha anatoka nje. Kwa desturi za nyumba ile, kijana kumuuliza baba yake swali la namna hiyo mbele ya wadogo zake ni kumvua nguo. Ngotho hapati tena heshima yake kamili, na maamuzi yake mabaya ya baadaye yote yanatokana na kutaka kuirejesha mbele ya mwana huyo.

Swali la Boro lilikuwa na hesabu nyuma yake. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa ardhi wanajeshi wa zamani, na baadhi ya mashamba yakagawiwa kwa bahati nasibu mjini Nairobi. Walengwa walikuwa Wazungu. Mwafrika aliyebeba mizigo yao kutoka Voi hadi kusini mwa Tanganyika alirudi akapata kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha kuvaa shingoni. Baada ya 1945 hadithi ikajirudia. Waafrika zaidi ya 300,000 wa Afrika Mashariki walikuwa wamelitumikia jeshi la Uingereza, wengine hadi Bama (Burma). Hati za kikoloni zilizoibuliwa na waandishi wa habari mwaka 2019 zilionyesha kwamba kiinua mgongo kilipangwa kwa cheo, kwa muda na kwa rangi: askari mweupe wa cheo cha chini kabisa alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, mweusi wa cheo hichohicho shilingi 3 na nusu.

Hata hivyo, si kila askari wa Keya, yaani King's African Rifles, alirudi akawa Boro. Waruhiu Itote aliyepigana Bama aliingia msituni akajulikana kama Jenerali China, na Bildad Kaggia aliyefika Palestina na Uingereza akiwa jeshini akawa mmoja wa wafungwa wa kesi ya Mau Mau ya Kapenguria. Majina hayo yanavuma, ila walio wengi walirudi vijijini kimya kimya, wakafungua duka, wakanunua ng'ombe, wakaoa. Wengine walibaki jeshini, na Keya wenyewe ndio waliotumwa kuwasaka Mau Mau. Riwaya ilimchagua mwenye hasira kwa sababu hasira inasukuma hadithi. Historia ina wanaume wengi zaidi ambao hawakusema lolote.

Ngũgĩ hakuyatoa mambo hayo hewani. Katika kumbukumbu zake za utotoni, Dreams in a Time of War ya mwaka 2010, anamtaja Kabae, ndugu yake wa baba mmoja, aliyekuwa Keya katika Vita vya Pili. Kaka yake mwingine, Good Wallace, aliingia msituni. Kwa hiyo kijana mmoja alikuwa na ndugu aliyelitumikia jeshi la mfalme na ndugu anayewindwa na jeshi hilohilo.

Kwenye sanamu za askari na wapagazi zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam miaka ya 1920, kuna maneno aliyoyatunga Rudyard Kipling. Yanawaambia waliopigana kwamba hata wakifa, wana wao watayakumbuka majina yao. Ni ahadi rahisi kwa serikali, maana mzigo wote ilimtwisha mtoto. Yenyewe majina hayo haikuyaandika: mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Mshahara wa mpagazi aliyekufa bila jina lake kuandikwa sawasawa haungeweza kumfikia mjane wake.

Upande wa waliowapigania Wajerumani, aliyeingia kwa undani katika nyumba za askari waliorudi ni mwandishi Abdulrazak Gurnah. Msomaji wa Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake Paradise, anamwacha kijana Yusuf akikimbilia msafara wa askari. Afterlives, ya mwaka 2020, inaonyesha kinachotokea baada ya mbio kama hizo. Hamza anarudi mji wa pwani akichechemea, na alichokuja nacho kutoka jeshini ni jeraha la nyonga na Kijerumani. Kijerumani hicho anakitumia kumposa Afiya: anatafsiri beti za mshairi Schiller na kumwandikia. Afiya naye ana msiba wake. Kaka yake Ilyas aliondoka kwenda kuwapigania Wajerumani na hajulikani aliko.

Wakapata mtoto, wakampa jina la mjomba. Mtoto anapokua anaanza kusikia sauti ya mwanamke, na shekhiya wa kutoa pepo anaitwa. Inabainika kwamba sauti hiyo inamtafuta Ilyas aliyepotea. Huzuni ambayo mama hakuisema kwa miaka ilimtoka kwa kinywa cha mwanawe, na watu wa pwani hawatahitaji kuelezwa jinsi jambo hilo linavyowezekana. Kijana huyo baadaye anaingia Keya, jeshi lililopigana na baba yake.

Ni yeye pia anayefika Ujerumani na kupata habari za mjomba: alifia kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen, na mwanawe aliyebaki alimfuata humo kwa hiari. Kisa hicho kinafanana na cha Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, aliyeingia vitani akiwa mtoto pamoja na baba yake askari. Alipofika Berlin mwaka 1929 alidai mishahara yao wote wawili ambayo haikulipwa. Serikali ilikataa. Akafanya kazi ya uhudumu, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, hadi alipokamatwa mwaka 1941 kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Alifia Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.