Mama, huyo si mimi!

Kimya kingi, mnisamehe. Juzi nimerudi chuo kutoka nyumbani Mpanda, na nimerudi na kisa.

Jioni moja mama akapigiwa simu. Sauti yangu kabisa, inalia, imepata ajali, inaomba laki mbili kwenye namba ngeni. Bahati nzuri mimi nilikuwa hapo hapo uani napepeta mchele! Tukabaki tunatazamana. Mama akauliza, "Hivi mwanangu, sauti yako si mali yako?"

Swali hilo likaninyima usingizi, nikaanza kuchimba historia.

Kumbe kilio ni cha zamani. Kule Rochester, New York, binti Abigail Roberson alikuta picha yake kwenye matangazo ya unga ya kampuni ya Franklin Mills, nakala kama 25,000, wala hakuombwa ruhusa. Akaugua kwa aibu. Alishtaki, lakini mwaka 1902 mahakama ya rufaa, kwa majaji 4 dhidi ya 3, ikasema hakuna sheria ya kumlinda. Watu wakachachamaa, na 1903 ikapitishwa sheria: jina au picha ya mtu isitumike kibiashara bila ridhaa yake ya maandishi.

Na kwetu? Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 15, inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kompyuta. Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi 1 Mei 2023. Jirani zetu Kenya, Septemba 2023, shule moja ilitozwa Sh 4,550,000 za kwao kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ridhaa ya wazazi.

Ila jamani, Abigail walau picha ilikuwa yake kweli. Mimi maneno yale sijawahi kuyasema, yametungwa na mashine! Sheria zetu hizo hazitaji akili mnemba kwa jina. Kifungu cha 15 kinaweza kumbana tapeli, lakini mpaka akamatwe. Nilichojifunza: sheria hufika baada ya mtu kuumia.

Kwa hiyo nyumbani tumeweka swali la siri. Asiyejua jibu, hata awe na sauti yangu, hapati hata mia. Nanyi wekeni lenu leo kabla simu haijaita.