Anayemsimamia Msimamizi

 

Ukishuka kwenye matatu hapa Burnt Forest na mtoto mwenye homa, unaukabidhi uhai wake kwa mtu usiyemjua. Ni nani aliyehakikisha kwamba amesomea kazi hiyo? Na akikosea, ataulizwa na nani?

Hapa Kenya, Bodi ya Madaktari na Madaktari wa Meno ilianza 1978. Wauguzi walipata sheria ya baraza lao 1983, na maafisa wa kliniki 1988. Vyombo hivi hutoa leseni na kusikiliza malalamiko. Lakini wengi walioketi humo walikuwa wa kazi ile ile. Wazee walishatuonya: kesi ya nyani usiipeleke kwa ngedere.

Ndipo Sheria ya Afya ya 2017 ikampa kila mgonjwa haki ya kulalamika, na lalamiko lake lichunguzwe. Ikaunda pia Mamlaka ya Kusimamia Taaluma za Afya, iangalie kama mabaraza yenyewe yanafanya kazi yake. Mwaka 2019 ile Bodi nayo ikageuzwa kuwa Baraza.

Kwa hivyo, jambo likiharibika, tunza kadi ya kliniki, andika tarehe na majina. Anza na msimamizi wa hospitali, kisha uliandikie baraza linalohusika. Likinyamaza, usikate tamaa. Iendee Mamlaka, au Tume ya Haki ya Utawala, iliyoundwa 2011 kushughulikia ofisi za umma zinazochelewesha haki.

Kulalamika si ugomvi, mama. Ni kumlinda mtoto wa jirani atakayefuata.