Nguo ya Noeli katika Buhaya: Kutoka Zawadi hadi Kiingilio

Utangulizi

Majuma mawili kabla ya Noeli, njia itokayo Kahororo kwenda mjini Bukoba huwa na wazazi wengi waliofuatana na watoto wao. Wengine huchukua kitambaa kwa fundi cherehani ili watoto wapimwe. Wengine hutafuta viatu na magauni sokoni. Nguo hiyo ikishapatikana haivaliwi. Huwekwa sandukuni, na mtoto huichungulia kila jioni mpaka asubuhi ya tarehe 25 Desemba. Baada ya hapo hurudishwa sandukuni kungoja Pasaka, au kipaimara cha ndugu. Mwaka wa pili huwa nguo ya kutokea siku za Jumapili, na mwisho wake huwa nguo ya kushindia.

Sisi wachungaji tumezoea kuitazama desturi hii kwa namna mbili: ama tunaikemea kuwa ni anasa, ama tunainyamazia. Makala hii inakusudia kwanza kuuliza desturi hii ilitoka wapi. Ni maoni yangu kwamba nguo ya sikukuu iliingia kwetu kama ishara ya mtu kupokelewa, lakini polepole imegeuka kuwa kiingilio. Kanisa lilishiriki katika kuileta. Kwa hiyo haliwezi kusema kwamba jambo hili halilihusu.

Vazi kama zawadi

Wazee wetu walivaa ngozi na lubugo, yaani vazi linalopatikana kwa kuponda gome la mti wa jamii ya mkuyu mpaka lilainike na kupanuka. Ufundi huu unajulikana zaidi leo kwa majirani zetu Waganda, na mwaka 2008 UNESCO iliuingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni. Mti wenyewe ulipandwa karibu na nyumba, na vazi lilitoka katika mikono ya watu waliofahamiana.

Nguo ya pamba ilikuja kwa njia nyingine. Ililetwa na misafara ya biashara kutoka pwani, nayo ilifika kwanza katika majumba ya wafalme. Msafiri Speke alipofika Karagwe kwa Mfalme Rumanika mwaka 1861, vitambaa vilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo wasafiri wa namna yake walizitoa kuwa zawadi. Kwa hiyo, tangu mwanzo, nguo ngeni ilimwambia mtazamaji kwamba aliyeivaa alikuwa karibu na mkubwa fulani.

Zawadi ya nguo ilikuwa pia na majira yake. Kwa Waganda ilikuwa desturi mwanamke kumkusanyia mumewe senene, na mume kumpa mkewe vazi jipya kuwa shukrani. Senene huonekana kwa wingi mwezi Novemba. Basi hata pasipo Noeli, katika eneo letu la ziwa mwisho wa mwaka ulikwisha kufahamika kuwa wakati wa mtu kumvika ampendaye.

Vazi la ubatizo

Wamisionari wa Bethel walifika Bukoba mwaka 1910 na kuanza kazi ya Kilutheri, wakati Wamisionari wa Afrika walikuwa wamekwisha kukaa Kashozi tangu 1892. Pamoja na kitabu na shule ilikuja nguo nyeupe. Msomaji wa historia ya Kanisa anakumbuka kwamba katika karne za kwanza waliobatizwa usiku wa Pasaka walivikwa mavazi meupe, wakayavaa juma zima. Ishara hiyo inategemea fundisho la Mtume katika Wagalatia 3:27, kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristo. Katika misheni nyingi za Afrika Mashariki vazi jeupe lilikuwa tena alama ya siku ya ubatizo. Mtu alipewa jina jipya na akaonekana katika vazi jipya, mbele ya ndugu ambao pengine walimdharau.

Jambo hili halikuwa la Wakristo peke yao, wala la Buhaya peke yake. Kule Zanzibar, utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliacha merikani na kaniki zilizokuwa alama ya hali yao, wakajitwalia kanga na mavazi ya kiungwana. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha jinsi mavazi yalivyokuwa njia yao ya kutangaza kwamba wao sasa ni watu huru. Anayecheka hamu ya maskini ya kuvaa vizuri siku ya Idi au ya Noeli akumbuke hayo. Mara nyingi hamu hiyo si majivuno. Ni haja ya kuonekana kuwa mtu miongoni mwa watu.

Kahawa na butura

Lakini zawadi ilihitaji fedha, na fedha za Buhaya zilitoka katika kahawa. Zamani kahawa yetu ilitafunwa, na wafalme waliitawala kwa masharti. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli zikachukua mizigo ziwani, soko likafunguka. Katika miaka ya 1920 upandaji ulienea sana vibanjani. Mwaka 1950 wakulima waliunda chama chao kikuu cha ushirika, kilichotangulia KCU ya leo. Mavuno ya robusta huanza yapata mwezi Mei na kuendelea hadi Oktoba. Hivyo fedha za kahawa na majira ya Majilio vilikaribiana, na duka la nguo likawa mahali ambapo kibanja na kanisa vilikutana.

Hapo ndipo lilipoingia tatizo lijulikanalo kwa jina la butura: mkulima huuza kahawa ingali maua au mbichi, kwa bei ndogo sana, kwa sababu ana shida ya haraka. Serikali imepiga vita butura mara kwa mara. Shida hizo huwa ni ugonjwa, msiba na ada ya shule. Lakini sisi tunaoishi na watu tunajua kwamba nguo za Noeli nazo zimo. Mtoto huvaa gauni jipya leo, na mavuno ya mwaka ujao yamekwisha kuwa mali ya mwingine.

Uamsho, vita, na Juliana

Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda uliingia Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930. Waliookoka walitubu hadharani, wakalipa madeni, na wengi wao wakaona mapambo kuwa kifungo. Tunaweza kubishana nao kuhusu ukali wao, lakini waliona jambo moja kwa usahihi: nguo yaweza kumficha mtu badala ya kumfunua.

Kisha ikaja vita. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini ya mto Kagera, na maelfu ya watu wakakimbia wakiacha mali zao. Miaka iliyofuata ilikuwa ya uhaba mkubwa katika nchi nzima. Nguo ilikuwa adimu, na magendo ya mpakani yakashamiri. Miongoni mwa bidhaa zilizoletwa na wachuuzi kutoka Uganda kulikuwa na nguo ya mtindo iliyoitwa Juliana. Wakati huo huo watu walianza kukonda na kufa kwa ugonjwa usiojulikana, na wananchi wakauita ugonjwa huo Juliana. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wa Kagera. Ugonjwa haukutoka katika kitambaa. Hata hivyo jina hilo linatuonyesha jinsi watu walivyohusisha tamaa ya nguo mpya, safari za biashara na mauti.

Serikali ilipolegeza masharti ya biashara kuanzia mwaka 1984, mitumba iliingia kwa wingi. Kwa familia zilizobaki na yatima wengi, mitumba ilikuwa msaada wa kweli. Lakini neno “mpya” likabadilika maana. Nguo ya Noeli ikawa ile ambayo jirani hajaiona bado.

Siku ya pili ya Noeli

Miaka kadhaa iliyopita nilihudumu katika usharika mmoja wa wilaya ya Muleba. Jumapili ya mwisho ya Majilio niliwatangazia wazazi kwamba watoto wote waje Noeli wakiwa wamependeza. Nilisema hivyo kwa furaha, wala sikufikiri zaidi. Siku ya Noeli kanisa lilijaa hata nje.

Kesho yake, katika ibada ya siku ya pili, walikuja wachache. Nyuma kabisa alikaa bibi mmoja na wajukuu wake wanne, yatima. Baada ya ibada niliwauliza kwa nini sikuwaona jana. Bibi alinyamaza. Mjukuu mmoja, wa miaka kama saba, akajibu, “Jana ilikuwa ya wenye nguo.” Ndipo bibi akasema, “Mchungaji, usimkasirikie. Ni mimi niliyewazuia. Sikutaka wachekwe.”

Sikuwa na la kumjibu. Tangazo lilikuwa langu.

Hitimisho

Mtume Yakobo (2:1-4) anakataza kumpa mwenye mavazi mazuri mahali pa heshima na kumwacha maskini asimame. Sisi hatukumsimamisha mtoto yule. Tulifanya asije kabisa. Wengine watataja mgeni asiye na vazi la arusi katika Mathayo 22. Lakini mfano ule hausemi kwamba vazi lilinunuliwa dukani, na wafafanuzi wengi, tangu Augustino, wamelitafuta vazi hilo moyoni.

Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anahesabu mavazi na viatu kuwa sehemu ya mkate wa kila siku tunaouomba. Ikiwa ni hivyo, nguo ya mtoto si anasa ya kukemewa, wala si jambo la nyumbani tu. Ni sehemu ya sala yetu, na anayeomba “utupe” hawezi kumwacha jirani nje ya neno hilo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa watumishi wenzangu. Kwanza, tufundishe juu ya butura mapema, wakati kahawa ingali maua, si mwezi Desemba. Pili, wazee wa kanisa na akina mama watambue kabla ya Majilio nyumba zisizo na uwezo, na msaada upelekwe usiku, bila kutangazwa, kama kazi ya Dorkasi katika Matendo 9. Tatu, tuyapime matangazo yetu.

Historia inatuambia kwamba katika nchi hii nguo ilikuwa zawadi kabla haijawa bidhaa. Kanisa linapomvika mtoto bila kumwaibisha halianzishi desturi ngeni. Linairudisha ya zamani.