Mlango wa Bara

Mwaka 1866 wajumbe wa dola nyingi walikutana Istanbul kujadili ugonjwa mmoja. Mwaka uliotangulia kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya mahujaji Makka, kisha kikapanda meli za moshi pamoja na waliosalimika hadi Misri na bandari za Mediterania. Mkutano ulikaa miezi kadhaa, na mengi ya mazungumzo yake yakawa ya bahari: vyombo vikaguliwe, abiria wawekwe karantini, Bahari ya Sham ilindwe. Wajumbe wale walizoea kuyaona maradhi yakiteremka bandarini. Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa 1869, kipindupindu kiliingia Unguja, kisiwa kilichoishi kwa vyombo vya Jedda, Maskati na Bombay. Hakikuja kwa vyombo hivyo. Kilivuka kutoka Pangani, na Pangani kilifika kwa miguu.

Habari hizi zimebakia kwa kalamu ya daktari Mskochi, James Christie, aliyekuwa akifanya kazi mjini Unguja wakati ule. Mwaka 1876 alichapisha London kitabu juu ya kuenea kwa kipindupindu Afrika ya Mashariki tangu 1821 hadi 1872. Ni kitabu kirefu, na pengine kinachosha, lakini msingi wake ni wa ajabu kwa zama zake. Christie hakuwa na njia ya kumwonyesha mtu yeyote kijidudu cha maradhi hayo. Alichokuwa nacho ni masuali. Aliwauliza watu wa misafara na wenyeji wa pwani: maradhi waliyakuta wapi, mwezi gani, na nani aliyetangulia kuugua. Kwa kuunganisha majibu hayo akaichora njia yote: kutoka pwani ya Bahari ya Sham yakapanda Uhabeshi, yakashuka katika nchi za Waoromo, yakaingia kwa Wamasai, na huko yakakutana na misafara iliyokuwa ikirudi Pangani. Baada ya Unguja yakaendelea Kilwa, Msumbiji na Visiwa vya Ngazija, na mkono mwengine ukafuata njia ya pembe za ndovu bara hadi Manyema, ambako Livingstone alizipata habari zake. Elimu iliyomo kitabuni mle ilikuwa kwanza ya wachukuzi na wafanyabiashara, kisha ndipo ikawa ya daktari.

Christie alitazama pia ni nani waliokufa. Jamii za mjini alizilinganisha kwa makaazi yao, chakula chao na maji yao, na mauti yakaonekana hayakugawanywa sawa. Mafukara na watumwa ndio waliokufa kwa wingi. Mji ulikuwa ukinywa maji ya visima vifupi vilivyochimbwa katika ardhi ya mchanga na matumbawe, jirani na mashimo ya vyoo, na kila kinachomwagwa juu hupenya kikafika chini. Makadirio ya siku zile yanawahesabu waliokufa kisiwani kwa makumi ya maelfu. Ni makadirio tu, maana hapakuwa na daftari la mauti, na mtumwa aliyekufa shamba alihesabiwa na aliyempoteza kama mali.

Kabla watu hawajavuta pumzi, Julai 1870 ukaingia ugonjwa mwengine, homa ya kuvunja viungo iliyodumu hadi Januari 1871. Christie aliandika juu yake katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1872, akaiita kwa jina alilolisikia kwa wenyeji: kidinga pepo. Wapo wataalamu wa lugha wanaosema kwamba neno dengi, linalotumika leo duniani kote, limechipuka katika Kiswahili hicho. Kipindupindu chenyewe kimepata jina lake kutokana na kupinda na kupindana kwa mwili unaokaukiwa maji. Waliotoa majina hayo walikuwa wamemwangalia mgonjwa vizuri.

Seyyid Majid alifariki Oktoba 1870, na Seyyid Barghash akashika nafasi yake. Miongoni mwa kazi kubwa za utawala wake, uliokwisha 1888, ni kuyaleta mjini maji ya chemchemi za kaskazini ya mji, yakachotwa na watu bila ya malipo. Hiyo haikuwa amri ya kumkataza mtu kisima chake. Alipewa maji mengine, kisima akakiacha mwenyewe.

Wakati mabomba hayo yakifanya kazi, Ulaya ilikuwa ikimtafuta adui kwa darubini. Mwaka 1884 Robert Koch, aliyekuwa amefanya uchunguzi Misri na Kalkuta, alitangaza kuwa amekipata kijidudu cha kipindupindu, kilichopinda kama alama ya mkato. Mtaliana Filippo Pacini alikwisha kukiona 1854, na hakusikilizwa. Mwaka 1885 Jaime Ferrán alichanja maelfu ya watu katika jimbo la Valencia, Hispania, kwa vijidudu hai, lakini hesabu zake hazikuwaridhisha waliokwenda kumkagua. Ndipo ukaja mwaka 1892. Julai, mjini Paris, Waldemar Haffkine alijidunga mwenyewe chanjo aliyoitengeneza. Oktoba, mjini Munich, mzee Max von Pettenkofer alikunywa vijidudu hivyo hivyo vikiwa hai ili kuthibitisha kwamba Koch amekosea. Wote wawili waliishi, na Pettenkofer akabaki na imani yake. Ushujaa wa mtu mmoja, hata ukiwa mkubwa namna gani, hauonyeshi kwamba dawa inafaa.

Haffkine alilifahamu hilo. Alipofika India mwaka 1893, alitafuta mitaa ya mafukara ya Kalkuta na nyumba ambazo baadhi ya watu wake wamechanjwa na wengine hawakuchanjwa, wanaokunywa maji ya birika moja. Maradhi yalipoingia katika nyumba kama hizo, yeye alihesabu pande zote mbili. Hapo ndipo chanjo ilipotoka katika mikono ya mjuzi mmoja na kuwa jambo linaloweza kukaguliwa na mtu mwengine. Kinachompa mtu haki ya kuambiwa "chanjwa" ni hesabu ya namna ile, si cheo cha anayesema.

Hata hivyo, chanjo za sindano zilizofuata zilikuwa dhaifu. Kinga yake ilikuwa ya miezi michache, na wengi waliochanjwa hawakuipata. Serikali zilizifanya kuwa cheti cha mpakani kwa miongo mingi, ingawa aliyechanjwa aliweza kukibeba kijidudu tumboni bila ya kuumwa na akavuka nacho, cheti mkononi. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliliondoa sharti hilo mwaka 1973. Kwa kinaya, aina ya kijidudu iliyokuwa ikienea duniani tangu 1961, ikitokea Indonesia, inaitwa El Tor. Hilo ni jina la kituo cha karantini katika rasi ya Sinai, na kijidudu hicho kilipatikana hapo mwaka 1905 katika miili ya mahujaji waliokuwa wakirudi makwao. Mlango uliojengwa kuyazuia maradhi ndio uliowapa jina lake.

Aina hiyo ilifika Afrika mwaka 1970, na mwaka 1978 ikaonekana Zanzibar katika kijiji cha wavuvi. Tangu mwanzo wa karne hii ilirejea karibu kila mwaka, khasa baada ya mvua. Chanjo nayo ilikuwa imebadilika. Wataalamu wa Gothenburg, Sweden, walikwisha kutambua kwamba kinga inayofaa ni ile inayoamshwa kwenye utumbo, palepale adui anaposhambulia, na kwa hiyo chanjo inywewe. Ilijaribiwa Matlab, Bangladesh, kuanzia 1985. Mwanzoni mwa 2009 ililetwa katika maeneo sita ya Unguja na Pemba yaliyokuwa yakisumbuliwa zaidi, na Chumbuni na Mwambe ni miongoni mwao. Waliostahiki walikuwa wenye umri wa miaka miwili na zaidi, isipokuwa wajawazito: watu 48,178. Waliokunywa dozi zote mbili ni 23,921, yaani nusu.

Nusu hiyo inastahili kuangaliwa. Kabla ya kampeni wakaazi walihojiwa nyumbani kwao, na takriban wote wakasema wataipokea iwapo ni bure. Lakini kukubali kwa kinywa ni jambo moja, na kuiacha kazi ya siku mara mbili ili kwenda kituoni ni jambo jingine. Anayemtuhumu aliyebaki nyumbani kwa ujinga angefaa kwanza aijue ratiba ya mchuuzi na ya mvuvi. Maradhi yalipozuka baadaye, hesabu ilifanywa kwa mtindo ambao Haffkine angeutambua, na ikaonekana kuwa waliokunywa dozi mbili walikingika kwa asilimia 79. Palipokuwa na wengi waliochanjwa, hata majirani zao wasiochanjwa waliugua kidogo zaidi. Aliyetoka kwenda kituoni alimkinga pia yule aliyeshindwa kutoka.

Jambo moja katika kampeni ile lingemchekesha Christie. Chanjo hiyo ya ugonjwa wa maji machafu ilibidi ichanganywe na maji yenye dawa ya kuzima asidi ya tumboni, kiasi cha mililita 150 kwa mtu mzima, na maji hayo yalitakiwa yawe safi. Kwa hiyo katika mitaa iliyokosa maji salama, maji salama yalipelekwa makusudi, glasi moja moja, mara mbili, yakaondoka na waliokuja nayo. Chanjo za baadaye hazihitaji kuchanganywa hivyo, nazo ni nafuu, ila zimekuwa adimu. Oktoba 2022 uhaba uliwalazimisha wasimamizi wa akiba ya dunia kutoa dozi moja mahali pa mbili.

Kati ya Septemba 2015 na katikati ya 2016 kipindupindu kiliwapata zaidi ya watu 4,000 Zanzibar. Zilitolewa amri za kuzuia uuzaji wa vyakula na vinywaji vya wazi, na kwa kuwa maradhi hupita humo amri hizo zilikuwa na sababu. Muuza juisi alikunja meza yake, akarudi nyumbani na ndoo yake, na jioni watoto wake walikunywa maji ya bomba lile lile alilokuwa akichotea ya biashara.