Talaka na mali: sheria zilizokufa bado zinatembea midomoni mwa watu

Ndoa ikivunjika huku kwetu, Bukavu, Uvira, Bunia au Kalemie, maneno ni yale yale. Jamaa ya mwanamke ikirudisha mali, talaka imekwisha. Bwana akimrudisha bibi kwao na mizigo yake, amekwisha kumwacha. Mwanamke hawezi kutia sahihi popote bila ruhusa ya bwana. Waliobarikiwa na padri au mchungaji hawana haja ya komini. Watoto ni wa baba, na mjane ataamuliwa na shemeji zake.

Watu wa sheria hujibu kwamba huo ni ujinga wa kijiji. Jibu hilo si la haki. Mengi katika maneno hayo yalikuwa sheria ya kweli wakati fulani, au mila ambayo tribinali iliifuata. Sheria ilibadilishwa Kinshasa, na habari haikutembea hadi mahali watu wanapooana na kuachana.

Wakati wa Wabelgiji nchi ilikuwa na sheria mbili za ndoa. Sheria ya raia iliyoanza kuandikwa mwaka 1895 ilikuwa ya Wazungu na ya Wakongomani wachache waliokubaliwa kuandikishwa pamoja nao. Wengine wote waliachwa chini ya mila za kabila lao. Dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926 ilipanga tribinali za wenyeji, na humo shefu na wazee ndio waliokata maneno ya ndoa.

Mbele ya wazee hao, mali ndiyo ilikuwa karatasi. Hakuna aliyeomba hati. Waliuliza: ng'ombe walikuwa wangapi, mbuzi wangapi, nani alishika kamba, nani alikula nyama siku ile? Ushahidi huo ukitolewa, ndoa imeonekana. Na mali ikirudi hadharani, ndoa imevunjika, kila jirani ameona, na mwanamke anaweza kuolewa kwingine bila ugomvi. Basi mzee anayesema leo kwamba mali ikirudi talaka imekwisha hakutunga kitu. Anakumbuka tribinali iliyokuwapo kweli.

Wakoloni wenyewe waliongeza mchanganyiko. Kwanza walimtoza kodi ya ziada mwanaume mwenye wake wengi. Serikali ilikula pesa za uke wenza kabla ya kuukataa. Misioni zilipozidi kusukuma, ikatoka dekreti ya tarehe 5 Julai 1948 ya kulinda ndoa ya mke mmoja, halafu ile ya tarehe 4 Aprili 1950, iliyokataza ndoa mpya za wake wengi kuanzia 1 Januari 1951. Ndoa za zamani zilibaki. Uke wenza haukuisha, ulibadilisha jina tu: bibi wa pili akawa "biro ya pili", mwanamke asiye na haki ya bibi mbele ya sheria. Na kwa kuwa misioni ndiyo iliyokuwa na kitabu cha ndoa, watu wengi walizoea kuona baraka ya kanisa kama ndiyo ndoa yenyewe ya serikali.

Uhuru wa 1960 haukuondoa sheria hizo mbili. Kazi ya kuziunganisha ilichukua miaka mingi, na ni tarehe 1 Agosti 1987, wakati wa Zaïre ya Mobutu, ndipo ilipotiwa sahihi sheria namba 87-010, ile Code de la famille yenye vifungu zaidi ya 900. Ilianza kazi mwaka mmoja baadaye, 1 Agosti 1988.

Sheria hiyo haikutupa mila. Mali ilibaki kuwa lazima. Ndoa inaweza kufungwa katika jamaa, kwa desturi zao, kisha ikaandikishwa kwa afisa wa etasivili. Au ikafungwa moja kwa moja mbele ya afisa huyo. Ndoa ya jamaa isiyoandikishwa ni ndoa kati ya wale wawili, lakini mbele ya watu wengine, kama vile mwenye deni, mnunuzi wa kiwanja au ofisi ya malipo, ina shida kusimama. Baraka ya kanisa peke yake haihesabiwi. Na kukaa pamoja bila mali wala komini, ile Wanakinshasa wanaita "yaka tofanda", hakugeuki kuwa ndoa hata wakizaa watoto saba na kuota mvi.

Mahali ambapo mila ilikatwa kabisa ni kwenye talaka. Tangu 1988, talaka inatoka kwa jaji tu. Bwana hawezi kuitamka, wakwe hawawezi kuitoa, shefu hawezi kuiandika. Mali inaweza kurudishwa yote, na bado wale wawili ni mtu na bibi yake. Mwombaji anafika kwenye tribinali ya amani, na jaji lazima kwanza ajaribu kuwapatanisha. Akiona ndoa imeharibika bila dawa, ndipo anavunja. Watu husema pia kwamba miaka mitatu ya kutengana inamaliza ndoa yenyewe. Miaka mitatu imo kweli katika sheria, lakini ni dalili ambayo jaji anaweza kuitegemea, haivunji kitu bila yeye. Shida ni kwamba tribinali ya amani haikufika kila mahali, na tribinali za kimila ziliendelea muda mrefu. Mtu wa milimani angejuaje kwamba mzee aliyemwamua baba yake hana tena uwezo wa kumwamua yeye?

Kuhusu ruhusa ya bwana, hapo kosa si la kijiji hata kidogo. Kifungu cha 448 cha 1987 kilisema wazi kwamba bibi lazima apate ruhusa ya bwana kwa matendo ya sheria ambayo yeye mwenyewe atawajibika kuyatimiza. Hebu fikirieni miaka ya 1990 katika Kivu: mishahara ya leta imekufa, wanawake ndio wanabeba unga, samaki na vitenge na kulisha nyumba, na kitabu cha sheria bado kinawahesabu kama watoto. Sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na mvulana akiwa na 18.

Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 ilikataza ndoa ya aliye chini ya miaka 18. Kisha sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 ikarekebisha Code yenyewe: miaka 18 kwa wote wawili, na ruhusa ya bwana ikaondolewa; sasa bwana na bibi wanapaswa kukubaliana. Mwanaume alibaki kuandikwa kichwa cha nyumba, na wanawake wengi waliopigania mabadiliko hawakufurahia hilo.

Watoto nao hawagawanywi kwa ukoo. Mila zenyewe hazikuwahi kusema neno moja: kwa Wakongo wa magharibi na kwa Babemba wa Katanga mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa. Wakati wa talaka jaji anatafuta faida ya mtoto, awe kwa mama au kwa baba. Mtu akifa, watoto wake, pamoja na wa nje aliowakubali alipokuwa hai, wanashika robo tatu ya urithi. Mjane aliyeolewa kisheria yumo katika kundi linalofuata, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Yule wa "yaka tofanda" hamo. Watoto wake waliokubaliwa na baba wamo.

Vita imefanya tofauti hii iwe nzito zaidi. Jamaa iliyokimbia usiku ilibeba watoto na sufuria, haikubeba hati ya ndoa. Mjane akifika mahali pa kukimbilia, shemeji akasema "huyu hakuolewa", mwanamke hana karatasi ya kumjibu. Lakini sheria haikumfungia mlango. Hati iliyopotea inaweza kutafutwa tena kwa hukumu ya tribinali, ile watu wanaita supletifu, na ushahidi wa waliowajua wakiishi kama bwana na bibi unapokelewa. Majirani wa zamani, walioketi siku ya mali na kuhesabu mbuzi, mara nyingi wamekimbilia mahali pamoja naye. Majina yao yafaa kuandikwa mapema, kabla hawajahama tena.